Gari Linaloyumba Kwenye Kioo

Kijana mmoja wa Kisanga, wilayani Kilosa, ameniletea swali ambalo baadhi ya wazee wenzangu wangelicheka. Anasema kila akicheza mchezo wa kuendesha basi kwenye simu, basi linayumba. Akifika kwenye kona, nyuma inakuja mbele, na safari inaishia mtaroni. Anataka kujua kosa ni la simu, la mchezo au la dereva.

Mimi sikucheka, kwa sababu kijana huyu ameniambia pia kwamba anataka kuwa dereva wa basi la kweli.

Mchezo wenyewe ni Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo. Vijana wa Afrika Mashariki wameupenda kwa kuwa mchezaji anaruhusiwa kuingiza magari yaliyotengenezwa na watu wengine na kuyapaka rangi anazozitaka. Ndiyo maana unaweza kuona basi la njia ya Dar es Salaam na Mbeya likikata mitaa ya Indonesia.

Sasa tuje kwenye kuyumba. Gari, la kweli au la kwenye kioo, linashika ardhi kwa matairi tu, na kila tairi la gari dogo hugusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima. Mshiko huo ni kama kibaba cha unga ndani ya nyumba: uliosongea ugali hauwezi tena kuupikia uji. Mshiko ukiumaliza wote kwa breki, haubaki wa kukatia kona. Ukikanyaga mafuta kupita kiasi huku usukani umekunjwa, ni yale yale.

Jambo la pili ni uzito. Ukifunga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Ukikunja usukani wakati huo huo, nyuma itateleza. Hapo ndipo basi la kijana wetu linapogeuka.

La tatu ni mwendo, na hapa wengi hudanganyika. Kona ile ile ukiipita kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, matairi hayadaiwi nguvu mara mbili, yanadaiwa mara nne. Hali kadhalika, umbali wa kusimama tangu breki zishike huwa mara nne.

Dawa yake inafuata hapo hapo. Funga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka. Achia breki polepole ndipo ukunje usukani, nao kwa utaratibu. Ongeza mafuta pale tu usukani unapoanza kunyooka. Nyuma ikiteleza kwenda kulia, elekeza usukani kulia, punguza mafuta bila kuyaachia ghafla, kisha unyooshe usukani mapema, la sivyo gari litarudi upande wa pili kwa kishindo. Ikiwa ni mbele inayokataa kugeuka, usizidi kukunja. Rudisha usukani kidogo, subiri mwendo upungue, matairi yatashika tena.

Hata hivyo dereva si wa kulaumiwa peke yake. Anayeongoza kwa vitufe ana shida yake: kitufe hujua kubonyezwa au kuachwa tu, hakijui nusu, kwa hiyo usukani hukunjwa kwa pupa. Kifimbo cha pedi, kama zile za PlayStation kwenye vibanda vya michezo, huweza kusogezwa kidogo kidogo. Kwenye simu, ingia sehemu ya mipangilio upunguze wepesi wa usukani. Kama mchezo una msaada wa kuzuia magurudumu kuteleza, uwashe mpaka mkono uzoee. Simu ikilemewa, picha hukwama na amri ya kidole hufika imechelewa, basi punguza ubora wa picha. Na gari uliloliingiza, kama mtengenezaji wake aliuweka uzito juu mno, litalala kwenye kona hata angeliendesha nani. Jaribu basi jingine kwenye kona ile ile utajua.

Je, haya yana faida nje ya kioo? Yanayo. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurejea mwaka 2021. Mchezo wa WRC 9 uliwaletea wachezaji njia za Safari mwaka 2020, kabla magari yenyewe hayajarudi. Mwingereza Jann Mardenborough alishinda shindano la wachezaji wa Gran Turismo mwaka 2011, akawa dereva wa mbio za kweli. Lakini hakutolewa sebuleni na kukabidhiwa gari. Alifundishwa kwanza, na waliojua kazi hiyo.

Hapo ndipo penye neno langu kwa kijana wa Kisanga. Kioo kinafundisha macho na vidole. Hakimwambii mtu, kwa mgongo na makalio yake, kwamba nyuma inaanza kuondoka kwenye changarawe. Hakina abiria anayesinzia na mtoto mapajani. Basi likipinduka kwenye simu, unagusa kitufe linasimama tena, abiria wote wamo. Katika barabara ya Tanzania na Zambia, inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, nyati akitokea mbele yako hakuna kitufe hicho. Kwenye mteremko wa Kitonga vilevile.

Kwa hiyo, mwanangu, endelea kucheza, lakini cheza kama mtu anayejifunza kazi. Jiwekee sharti moja: umalize safari nzima bila nyuma kuteleza hata mara moja, hata kama wenzako kibandani watakuita kobe. Ukishaweza hilo, na umri ukiruhusu, nenda chuo cha udereva ukakae na mwalimu kwenye gari lenye uzito wake. Leseni ije baada ya hapo.

Mpaka juma lijalo, nawatakia safari njema.