Google na sheria za ushindani: Haki iliyochukua miaka 15

SEPTEMBA 10, 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya yenye makao yake Luxembourg iliitupilia mbali rufaa ya mwisho ya kampuni ya Google na kuthibitisha faini ya euro bilioni 2.42 iliyotozwa kampuni hiyo kwa kutumia vibaya nguvu zake katika soko.

Tume ya Ulaya, ambayo ndiyo iliyotoza faini hiyo mwaka 2017, iliupokea uamuzi huo kama ushindi mkubwa. Hata hivyo, malalamiko yaliyoizaa kesi hiyo yalikuwa yamewasilishwa Novemba 2009, takriban miaka 15 kabla ya neno la mwisho kutamkwa.

Katika biashara ambayo bidhaa huzaliwa, hukua na kusahaulika ndani ya miaka michache, muda huo ni mrefu mno. Ndiyo maana serikali mbalimbali duniani zimekuwa zikijiuliza iwapo sheria zilizotungwa enzi za reli na visima vya mafuta zinaweza kuzidhibiti kampuni zinazomiliki malango ya intaneti.

Kosa lilikuwa nini?

Walalamikaji walikuwa Adam Raff na Shivaun Raff, mume na mke wa nchini Uingereza, ambao mwaka 2006 walianzisha tovuti iitwayo Foundem. Kazi ya tovuti hiyo ilikuwa kumwezesha mnunuzi kulinganisha bei za bidhaa moja katika maduka mbalimbali.

Muda mfupi baada ya kuanzishwa, tovuti hiyo ilitoweka katika kurasa za mbele za matokeo ya Google, ingawa katika mitambo mingine ya kutafuta habari iliendelea kuonekana vizuri.

Uchunguzi wa Tume ya Ulaya ulibaini kuwa Google ilikuwa ikiiweka huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei mahali pa juu kabisa, huku washindani wakishushwa chini na kanuni za kompyuta ambazo huduma ya Google haikuguswa nazo. Kwa mujibu wa Tume, hata mshindani aliyefanya vizuri kuliko wote alionekana, kwa wastani, katika ukurasa wa nne.

Ni watu wachache mno wanaofika huko. Tume ilieleza kuwa matokeo 10 ya ukurasa wa kwanza hupata takriban asilimia 95 ya mibofyo yote, wakati tokeo la kwanza la ukurasa wa pili huambulia asilimia moja tu. Kwa mfanyabiashara wa mtandaoni, kusukumwa hadi ukurasa wa nne hakuna tofauti kubwa na kufungiwa duka.

Foundem ilifungwa mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya faini kutozwa na miaka minane kabla ya rufaa kumalizika. Faini yenyewe huingia katika hazina ya Umoja wa Ulaya, si mikononi mwa aliyeumizwa. Anayetaka fidia hulazimika kufungua kesi nyingine ya madai.

Kesi za namna hiyo zimeanza kuzaa matunda. Novemba 2025, mahakama moja ya Berlin iliiamuru Google kuilipa kampuni ya Idealo ya Ujerumani, nayo ikiwa mlinganishaji wa bei, euro milioni 465. Google ilisema ingekata rufaa.

Ukubwa si kosa

Ikumbukwe kuwa sheria za ushindani haziadhibu ukubwa. Kampuni inayowashinda wenzake kwa ubora wa bidhaa zake haijatenda kosa lolote. Kosa huja pale inapoutumia ukubwa huo kuwazuia wengine wasiingie uwanjani.

Msingi huo uliwekwa Marekani na Sheria ya Sherman ya mwaka 1890. Kwa sheria hiyo, mwaka 1911 kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilivunjwa na kuwa kampuni 34.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1998 kuishitaki Microsoft, iliyodaiwa kuitumia programu yake ya Windows kukikandamiza kivinjari cha Netscape. Juni 2000 jaji aliamuru kampuni hiyo igawanywe mara mbili, lakini mwaka mmoja baadaye mahakama ya rufaa iliitengua amri hiyo, ingawa ilikubali kuwa Microsoft ilivunja sheria. Mgogoro huo ulimalizwa kwa makubaliano.

Netscape haikunufaika, kwani ilikwisha kupoteza soko. Wachambuzi wengi hata hivyo huamini kuwa kesi hiyo iliifanya Microsoft ichukue tahadhari, na hivyo kuacha nafasi kwa kampuni changa kukua. Mojawapo ya kampuni hizo, iliyoanzishwa mwaka 1998, ni Google.

Nguvu ya chaguo la kwanza

Oktoba 2020 serikali ya Marekani nayo iliifikisha Google mahakamani. Agosti 5, 2024, Jaji Amit Mehta wa mjini Washington aliamua kuwa kampuni hiyo ilikuwa na ukiritimba katika utafutaji wa habari mtandaoni na ilivunja sheria ili kuulinda.

Jaji Mehta hakusema kuwa huduma ya Google ni duni. Kinyume chake, aliisifu kwa ubora na ubunifu. Alichokiona kuwa kosa ni mikataba ya kuwalipa watengenezaji wa simu, wamiliki wa vivinjari na kampuni za simu za mkononi ili Google iwe ndiyo mtambo unaowekwa tayari kabla ya mteja kununua kifaa chake.

Ushahidi ulionyesha kuwa mwaka 2021 pekee, malipo hayo yalifikia dola bilioni 26.3. Kampuni ya Apple peke yake ililipwa takriban dola bilioni 20 mwaka 2022. Fedha hizo zilitolewa kwa sababu watu wengi hutumia kile wanachokikuta, wala hawahangaiki kubadili.

Mshindani mchanga hawezi kushindana na malipo kama hayo. Na kadiri anavyokosa watumiaji, ndivyo anavyokosa takwimu za kuuboresha mtambo wake, na ndivyo anavyozidi kuachwa nyuma.

Serikali iliiomba mahakama iilazimishe Google kukiuza kivinjari chake cha Chrome. Septemba 2, 2025, Jaji Mehta alilikataa ombi hilo. Alipiga marufuku mikataba inayowafungia nje washindani na kuagiza baadhi ya takwimu za utafutaji zigawiwe kwao, lakini hakukataza malipo yenyewe.

Sababu mojawapo aliyoitoa ni kuwa kuibuka kwa programu za akili mnemba kulikuwa kumebadili sura ya soko. Kwa maneno mengine, kesi ilikuwa bado inaendelea wakati uwanja wenyewe ulishahama.

Sheria kabla ya kosa

Ni ucheleweshaji wa aina hiyo uliousukuma Umoja wa Ulaya kubadili mbinu. Sheria yake ya Masoko ya Kidijitali, ambayo masharti yake makuu yalianza kuzibana kampuni Machi 2024, haingoji mtu aumizwe ndipo uchunguzi uanze.

Sheria hiyo huzitaja mapema kampuni zinazohesabiwa kuwa walinzi wa lango, kisha huziwekea orodha ya mambo ya kufanya na ya kutofanya. Walioorodheshwa kwanza, Septemba 2023, ni Alphabet, ambayo ni kampuni mama ya Google, pamoja na Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft.

Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kuipendelea huduma yako katika matokeo ya utafutaji, lile kosa lililochukua miaka 15 kuthibitishwa. Faini inaweza kufikia asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, na asilimia 20 kwa anayerudia kosa.

Aprili 2025, Apple ilitozwa euro milioni 500 na Meta euro milioni 200 chini ya sheria hiyo. Hata hivyo, mwaka 2024 Alphabet ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 100. Kwa kasi hiyo, faini ile ya mwaka 2017 ingelipwa kwa faida ya siku 10 hivi.

Zaidi ya hayo, lipo suala la siasa. Septemba 2025, baada ya Tume ya Ulaya kuitoza Google faini nyingine ya euro bilioni 2.95 kuhusu biashara ya matangazo, Rais Donald Trump wa Marekani alitishia kuchukua hatua za kibiashara dhidi ya Ulaya.

Afrika iko wapi?

Jambo lisiloonekana kwa urahisi ni kuwa nafuu inayopatikana Brussels haivuki mipaka yenyewe. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliiadhibu Google kwa kuwalazimisha watengenezaji wa simu za Android kuweka mtambo wake na kivinjari chake. Baada ya hapo, wanunuzi wa Ulaya walianza kuonyeshwa orodha ya mitambo ili wajichagulie. Amri hiyo haikumhusu mnunuzi wa simu kama hiyo Kariakoo au Nairobi.

Afrika Kusini imeonyesha kuwa nchi za bara hili zinaweza kujitetea. Novemba 2025, Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilimaliza uchunguzi kuhusu vyombo vya habari na mitandao, na Google ikakubali kutoa randi milioni 688 katika kipindi cha miaka mitano kuvisaidia vyombo vya habari vya huko.

Kwa nchi ambazo bado zinatafakari njia ya kufuata, kisa cha Foundem kinatoa funzo moja. Ngojangoja huumiza matumbo, na tume ya ushindani inayongoja ushahidi ukamilike inaweza kushinda kesi huku aliyeshitaki ameshafunga biashara.