Vitufe vitatu kwa mkono mmoja vitakuumiza

IWAPO wewe ni karani, mhasibu au mwanafunzi anayeshinda kwenye kompyuta, huenda umewahi kuhisi maumivu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho. Wengi humeza tembe za maumivu na kuendelea na kazi. Tembe hizo zikitumiwa kiholela huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, na chanzo cha maumivu hubaki palepale.

Chanzo hicho chaweza kuwa namna unavyobonyeza vitufe. Katika programu nyingi, Ctrl, Shift na V hubandika maandishi bila mapambo yake. Ukivibonyeza vyote kwa mkono wa kushoto, vidole hutanuka na kifundo hupinda kando. Kano zinazovuta vidole hukazwa katika hali hiyo. Mara moja si neno, lakini ukirudia kutwa nzima, kano huchoka na kuanza kuuma.

Dawa ya kwanza ni kutumia mikono miwili. Kibodi nyingi zina Ctrl na Shift pande zote mbili. Mkono mmoja ushike vitufe hivyo, mwingine ubonyeze herufi. David Bradley wa kampuni ya IBM, aliyebuni Ctrl, Alt na Delete mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikusudia vitufe hivyo vihitaji mikono miwili ili mtu asizime na kuwasha kompyuta kwa bahati mbaya.

Ya pili ni kubonyeza kimoja kimoja. Kwenye Windows, bonyeza Shift mara tano mfululizo. Kompyuta itakuuliza kama wataka Sticky Keys, kubali. Tangu hapo waweza kubonyeza Ctrl na kuiachilia, kisha Shift, kisha V, na kompyuta itavichukua kana kwamba vimebonyezwa pamoja. Njia hii humfaa pia aliyepooza mkono mmoja, kwani humwezesha kurudi kazini.

Zaidi ya hayo, weka kibodi usawa wa viwiko, usikunje vifundo, na upumzishe mikono kila baada ya nusu saa.

Je, umwone daktari lini? Usingoje iwapo kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, au ukianza kuangusha vikombe. Hizo ni dalili za neva kubanwa kwenye kifundo. Usiilaumu kompyuta peke yake: ujauzito, kisukari na upungufu wa homoni za tezi ya shingo pia huleta hali hiyo. Ikigunduliwa mapema, kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala mara nyingi huleta nafuu. Ukichelewa, misuli ya kidole gumba huweza kunywea, na hata upasuaji huenda usirudishe nguvu zote.

Mkono ndio unaokulisha. Usiuchezee.