Nyumba ya zamani ya ferme: tubomoe ao tutengeneze depo?

Mwezi uliopita nilifika kwenye koperative moja, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki toka Kamina. Wanamemba wamegawanyika juu ya nyumba ya ferme ya wakati wa ukoloni: matofali ya kuchoma, baraza refu mbele, paa limeanguka upande mmoja. Wamoja wanataka kubomoa na kuuza matofali. Wengine wanataka kuweka mahindi ndani. Papa mmoja akaniuliza: "Agronome, ile nyumba ilijengwa kwa akili ao kwa majivuno tu?"

Kwa kumujibu, nilimupeleka kwanza ngambo ya mpaka. Kaskazini ya Zambia, kando ya ziwa Shiwa Ng'andu, iko nyumba kubwa ya shamba ya namna ya Kiingereza. Aliyeijengesha ni Stewart Gore-Browne, ofisa Mwingereza aliyekuja mwaka 1911 na tume ya kupima mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Rhodesia ya Kaskazini, ule mpaka wa Katanga tunaoujua hadi leo. Alirudi 1920, akaanza shamba. Reli ilikuwa mbali sana, kule Ndola. Mizigo ilikwenda kwa vichwa vya watu na kwa mitumbwi. Njo maana matofali na vigae vilitengenezwa palepale, kwa udongo wa palepale, na mikono ya watu wa palepale. Majivuno yako mingi, tusidanganyane: mnara, lango kubwa, chumba kizima cha vitabu. Feza zilitoka kwenye mafuta ya manukato ya michungwa na malimau, kisha ugonjwa wa tristeza ukaua miti. Nyumba ikabaki imesimama, michungwa ikakufa. (Mukipandikiza michungwa, musitumie shina la mchungwa mchungu: njo linaanguka haraka kwa ugonjwa ule.)

Lakini kwao Uingereza, nyumba ya shamba ya zamani ilikuwa chombo cha kazi. Nyumba, ghala na zizi vilizunguka uwanja mmoja, hivi mwenye shamba aliona kwa dirisha nani anaingia na nani anatoka na mfuko. Ghala la nafaka waliliweka juu ya mawe yenye umbo la uyoga: panya anapanda nguzo, anafika chini ya kofia, anashindwa kupita. Hapa kwetu ghala la miguu linafuata akili ileile, na bati lililokunjwa kama faneli kwenye kila nguzo linafanya kazi ya ule uyoga.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu. Nilizunguka nayo pamoja na wamama wawili wa komite. Msingi umeinuliwa, ukuta ni mnene, madirisha yanatazamana ili upepo upite, baraza linazuia mvua isipige ukuta. Ile si majivuno. Ubaya uko chini: udongo umejaa nje hadi kupita msingi, na tofali linanyonya maji kama vile kitambaa.

Hapo lazima niseme kosa langu. Mwaka jana, mahali pengine, nilishauri watu wapake simenti ndani ya ukuta wa zamani wenye unyevu. Ulionekana safi kabisa. Simenti ilifungia maji ndani ya ukuta, mifuko iliyoegemea ikaota ukungu, na mahindi ya jamaa tatu yakatupwa. Bukari ya miezi yao ilikwenda hivyo. Ukuta wa namna ile unataka kupumua: chokaa ao udongo, si simenti.

Kwa hiyo jibu langu kwa papa lilikuwa: musibomoe bado. Kiangazi hiki muondoe ule udongo wa nje, muchimbe mfereji kuzunguka nyumba, murudishe paa. Mahindi yakauke chini ya asilimia 13, mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta mita moja, mutu apite nyuma na taa. Kama baada ya mvua za kwanza ukuta ungali na maji, hapo muuze matofali, nami sitabisha.

Wamekubaliana kupiga kura kiisha mavuno. Papa alisema yeye atachagua kubomoa, lakini siku ya mfereji alikuja wa kwanza, na jembe lake.