Data Huria: Jinsi Utafiti wa Vyuo Vikuu Unavyosaidia Mtaa Wako Kukabiliana na Mafuriko

Mvua ya masika ya Aprili na Mei 2024 ilifurisha mito ya Nairobi, Ngong na Mathare. Watu walifariki na familia nyingi zikapoteza makao. Ni haki ya mkazi kuuliza: je, haikuwezekana kujua mapema maji yangepita wapi?

Ili kujibu swali hilo, mtafiti huhitaji mambo manne: kiasi cha mvua inayonyesha kwa saa, mwinuko wa ardhi, upana na hali ya mitaro, na mahali maji yalipofika miaka iliyopita. Rekodi za mvua ziko kwa Idara ya Hali ya Hewa, vipimo vya mito viko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na michoro ya mitaro iko kwa kaunti. Alama za mafuriko ziko kwenye kuta za nyumba na katika kumbukumbu za wakazi. Kila mmoja akifungia chake kabatini, kila mradi huanza upya na pesa za umma hupotea.

Data huria ni nini?

Ni habari ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzinakili na kuzitumia bila malipo, zikiwa katika muundo ambao kompyuta inaweza kuzichakata. Picha ya karatasi iliyopigwa muhuri haitoshi.

Imefanya kazi wapi?

Mwaka 2009, vijana wa Kibera walichora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote. Mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora barabara, nyumba na mitaro katika mitaa inayofurika.

Hapa kwetu, mwaka 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji. Vyuo vikuu, mashirika na wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani walikusanya habari kuhusu maji, majitaka, barabara na umiliki wa ardhi. Mpango wa eneo hilo ukajengwa juu ya habari hizo.

Je, data zinaweza kutumiwa kunifurusha?

Hofu hii ina msingi. Ramani inayoonyesha nyumba zilizo kando ya mto inaweza kusaidia kuwaonya watu mapema. Inaweza pia kutumiwa kuwahamisha. Ramani ikiwa wazi, nawe unaiona, unaweza kuihoji na kufika kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma ukiwa na ushahidi wako. Ikifichwa, utasikia uamuzi tu.

Jina lako, nambari ya simu na nambari ya kitambulisho si data huria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda.

Unachoweza kufanya

• Mtafiti akibisha mlangoni, mwombe kibali kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Muulize matokeo yatawekwa wapi na lini utayaona.

• Mwonyeshe alama ya maji ukutani na umwambie mwaka yalipofika hapo. Hakuna setilaiti inayojua hilo kama wewe.

• Omba habari. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki hiyo. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza; kuliwasilisha hakulipiwi. Ofisi ina siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa habari hizo zinahusu uhai wa mtu. Usiporidhika, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mitaro huzibuliwa na kuchimbwa kabla ya mvua. Ombi la ramani ya mitaro ya wadi yako nalo liandikwe kiangazi.