Gurudumu Tegemeo la Motokaa: Kutambua Ubovu Wake na Kulibadili

Kwa wakulima wa Bukundi na jirani zao wa Meatu wenye motokaa za mizigo na matrekta

Mkulima aliye na motokaa ya mizigo, au aliyeshirikiana na jirani zake kuinunua, na ajue kwamba chombo hicho hakiharibiki siku moja. Mvua zianzapo, udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope linatalo. Dereva hunasa, naye hukanyaga mafuta huku ameishikilia klachi nusunusu, mpaka harufu ya kuungua ikatoka. Motokaa hutoka topeni, watu hushangilia, na jambo husahauliwa. Lakini miezi michache baadaye, pamba imekwisha vunwa na mnunuzi yu tayari, motokaa ile ile hukataa kupanda mlima na mzigo. Ndipo mwenyewe hununua pleti mpya ya klachi, na baada ya muda mfupi hununua nyingine tena, kwa kuwa hakulitazama gurudumu tegemeo, ambalo mafundi huliita flaiwili.

KAZI YAKE

Ni gurudumu zito la chuma, lililofungwa kwa bolti nyuma ya krenki shafti. Lina kazi tatu. Kwanza, uzito wake huhifadhi mwendo: katika injini ya silinda nne nguvu ya moto husukuma mara mbili kwa kila mzunguko, na kati ya msukumo na msukumo uzito huo ndio uendeshao. Pili, uso wake laini hubanana na pleti ya klachi. Tatu, ukingoni lina meno yashikwayo na stata. Basi likiumia uso, motokaa haivuti. Likiumia meno, haiwaki.

DALILI ZA UBOVU

(1) Injini hunguruma sana lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani na mzigo. Klachi inateleza.

(2) Motokaa hutetemeka ianzapo kuondoka. Huenda uso umeungua mahali mahali.

(3) Stata hukwaruza, au huzunguka bila kushika. Zima swichi, tia gia kubwa, sukuma motokaa kidogo ili injini igeuke, kisha rudisha gia huru na ujaribu tena. Ikiwaka, yaelekea meno yameliwa upande mmoja, kwa maana injini hupenda kusimama mahali pale pale.

(4) Hugonga ikiwa imesimama inanguruma. Yawezekana bolti zimelegea. Usiendelee na safari.

KULICHUNGUZA

Ukweli huonekana giaboksi ikishushwa. Vumbi la klachi usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwani pleti za zamani zilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kibichi. Kisha pitisha ukucha juu ya uso wa gurudumu. Mikwaruzo midogo na madoa ya buluu huweza kuondolewa na fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma, ilimradi unene usipungue kipimo cha kiwanda. Nyufa za kina hazina dawa: gurudumu hilo litupwe. Kamwe lisichomelewe, kwa maana likipasuka katika mwendo, vipande vyake huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Meno yakiwa yameharibika peke yake, katika magurudumu mengi pete yake huweza kubadilishwa na fundi stadi. Ukikuta mafuta ya injini yamelowesha klachi, badili kwanza sili ya nyuma ya krenki, la sivyo kazi yote ni bure.

KULIBADILI

(1) Simamisha motokaa mahali sawa, zuia magurudumu, ondoa waya wa betri, na uitegemeze juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki tupu.

(2) Shusheni giaboksi watu wawili au zaidi. Lifungueni gurudumu, mkiacha bolti mbili za juu mpaka limeshikwa vema, kwa kuwa ni zito.

(3) Liweke jipya kando ya la zamani: upana, unene, matundu na idadi ya meno vilingane.

(4) Safisha mahali pa kukalia, na uoshe mafuta ya dukani yaliyopakwa juu ya uso. Usiuguse tena kwa mikono yenye grisi.

(5) Tumia bolti mpya. Zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, hata kufikia kipimo cha kiwanda kwa spana ya kupimia.

(6) Weka pleti ya klachi katikati barabara kabla ya kurudisha giaboksi.

KINGA

Ukinasa, pakua mzigo, chimba tope, tandika matawi, usiitese klachi. Usiegeshe mguu juu ya pedali njiani, wala usiishikilie motokaa mlimani kwa klachi, bali kwa breki. Na kila klachi ifunguliwapo, gurudumu litazamwe, ingawa fundi ana haraka. Jambo hili lifanyike kabla ya masoko ya pamba kufunguliwa, maana asiyeziba ufa hujenga ukuta, na mwenye motokaa mbovu siku ya soko huwalipa wengine wamchukulie pamba yake.