Daftari la Mvua ni Kinga ya Familia

Je, unakumbuka msimu uliopita mvua ilinyesha siku ngapi hapo kwenu? Wengi wetu tutajibu tu, "Ilikuwa nyingi," au "Ilikuwa haba." Jibu hilo halitoshi kulinda afya.

Kumbuka Deyr ya mwaka 2006. Mvua kubwa ilianza Oktoba na maji yakatuama kwa wiki nyingi. Mwishoni mwa Novemba watu walianza kuugua hapa Garissa, na Desemba ikathibitishwa kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Kufikia Machi 2007, watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 pia zilileta ugonjwa huo.

Chanzo ni mbu. Wako mbu wanaotaga mayai kwenye udongo wa mabonde, na mayai hayo hustahimili ukame kwa miaka. Maji yakituama hapo, mayai huanguliwa, na baadhi ya mbu hutoka wakiwa tayari na virusi. Huuma mifugo, kisha binadamu huambukizwa kwa damu au maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu.

Kwa hivyo, hesabu siku. Chukua daftari la shule. Kila asubuhi saa tatu andika tarehe, kisha M kwa siku ya mvua au K kwa siku kavu. Andika pia maji yalituama lini na yalikauka lini. Kama hujui kuandika, mwanafunzi wa nyumbani atakusaidia. Mkihama na mifugo, daftari lihame nanyi, na mwandike jina la mahali.

Mbona uandike mwenyewe? Kwa sababu mvua yetu hubagua. Yaweza kunyesha Masalani na Dadaab ikabaki vumbi. Kipimo kilicho mjini hakioni boma lako.

M zikifuatana na maji yakatuama wiki moja au mbili, usingoje. Mwite afisa wa mifugo, kwa maana chanjo hufaa kabla ugonjwa haujaingia. Laleni ndani ya neti na mchemshe maziwa. Mbuzi na kondoo wengi wakitupa mimba kwa pamoja, usichinje wala usiguse kwa mikono mitupu, toa habari. Mwenye homa kali au anayetokwa na damu apelekwe hospitali mara moja.

Na K zikiwa nyingi? Jihadhari na mvua ya kwanza. Husomba kinyesi hadi kwenye visima na mabwawa. Chemsha maji ya kunywa.

Anza kesho asubuhi, msikilizaji. Kalamu na daftari ni bei nafuu kuliko matibabu. Hadi wakati mwingine, afya njema.