Picha ya Mariamu Isiyo na Mabawa

Nyumba nyingi za Wakristo zina picha ya Mariamu akipashwa habari na malaika Gabrieli. Kwa desturi Mariamu huonyeshwa kama malkia, na duara ya nuru kichwani. Malaika naye ana mabawa makubwa, ameshika ua jeupe. Leo twataka kuwaeleza picha nyingine ya habari ile ile, ambayo haina ua, wala duara, wala mabawa.

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1898 katika Ufaransa na Henry Ossawa Tanner, mtu mweusi wa Marekani. Kimo chake ni kama sentimeta 145, na upana wake 181. Ndani yake twaona chumba cha watu wa kawaida: sakafu ya mawe, zulia lililokunjamana, kitambaa chekundu kilichotundikwa ukutani, na kitanda kilichovurugika kama cha mtu aliyeamshwa ghafula. Ukingoni mwa kitanda ameketi msichana. Kanzu yake imejaa makunyanzi, mikono yake ameifumbata pamoja, na vidole vya mguu vyachungulia chini ya vazi. Mbele yake imesimama nguzo ya nuru, haina uso wala mikono. Msichana ameinamisha kichwa kidogo, anaitazama.

Basi mchoraji huyu alikuwa nani? Alizaliwa katika mji wa Pittsburgh, tarehe 21 Juni 1859. Baba yake, Benjamin Tucker Tanner, alikuwa mchungaji, na mwaka 1888 akawa askofu katika kanisa la Wamethodisti weusi. Mama yake, Sarah, alizaliwa utumwani, akatoroshwa angali mtoto. Na lile jina Ossawa lilitokana na Osawatomie, mji wa Kansas, ambako John Brown alipigana mwaka 1856 na watu waliotaka utumwa uendelee.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi alimwona mtu akichora picha bustanini huko Philadelphia, na tangu siku ile hakutaka kazi nyingine. Baba yake alimtia katika kinu cha unga, lakini mwili wake haukuiweza kazi ile, akaugua. Ndipo wazazi wakamwacha afuate shauku yake. Alisoma katika chuo cha wachoraji, akapata elimu, akapata na dharau kwa ajili ya rangi yake. Hata mwaka 1890 Joseph Crane Hartzell na mkewe wakaonyesha picha zake Cincinnati. Hakuna mtu aliyenunua hata moja, nao wenyewe wakazinunua zote. Bwana huyu ndiye aliyechaguliwa mwaka 1896 kuwa askofu wa Wamethodisti kwa kazi ya Afrika. Kwa fedha ile Tanner akavuka bahari mwaka 1891, akakaa Paris, ambako watu walitazama kazi yake kabla ya kutazama ngozi yake.

Mwaka 1897 tajiri mmoja, Rodman Wanamaker, alimlipia safari ya Misri na Palestina. Huko aliona kwa macho yake nyumba, mavazi na nyuso za watu. Aliporudi alichora chumba hiki.

Watoto huuliza, Mbona malaika hana mabawa? Mwalimu na afungue Luka, sura ya kwanza, asome pamoja nao. Hapo mabawa hayakutajwa, ila twaambiwa ya kuwa Mariamu alifadhaika, akauliza. Mchoraji ameishika saa ile ile: neno limekwisha kusemwa, na jibu bado. Nalo si jibu jepesi. Binti aliyeposwa akionekana ana mimba, aweza kupoteza mchumba, heshima ya wazazi na jina lake kijijini. Mathayo asimulia kwamba Yusufu alifikiri kumwacha. Mwenye kumvika Mariamu taji tangu mwanzo huificha hofu hiyo, Tanner hakuificha. Mwana wa mama aliyezaliwa mtumwa alijua ya kuwa Mungu huingia katika nyumba zisizo na fahari, na ya kuwa aitwaye huweza kutetemeka, asiwe amekosa imani.

Mwaka 1899 picha hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Philadelphia, mji ule ule alikokulia, nayo ingaliko. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kupokewa katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 1923 Ufaransa ilimpa nishani ya Legion d'honneur. Akafariki Paris tarehe 25 Mei 1937.

Enyi wazazi na walimu, mkiipata picha hii, msiwaeleze watoto upesi. Waacheni wautazame uso wa yule msichana, kisha waulizeni: Je, atajibu nini? Na wewe ungalijibu nini?